Daftari la Wiki: Mwimbaji Aliyetoweka

Katika maradhi yote yanayozisibu hedifoni za chombo cha muziki cha mfukoni, hakuna yanayostaajabisha kama kutoweka kwa mwimbaji ilhali wapigaji wake wamebaki. Mwenye chombo hukiwasha apate kusikiliza taarabu, akasikia fidla zikivuma kwa mbali kana kwamba zinapigwa nyumba ya tatu, na mahali pa sauti ya bibi aliyemkusudia pakawa patupu. Naye, akiisha kujaribu nyimbo mbili tatu, hukata shauri kwamba nyimbo zimeharibika, akazifuta zote. Nyimbo hazina hatia.

Plagi ya hedifoni, yenye unene wa milimita 3.5, ina sehemu tatu zilizotengwa kwa vipete visivyopitisha umeme: ncha hupeleka sauti ya sikio la kushoto, pete ya kati hupeleka ya kulia, na shina ni njia ya marejeo ambayo masikio yote mawili huishiriki. Njia hiyo ya marejeo ikikatika, umeme hulazimika kuingia upande mmoja na kutokea upande wa pili, na kinachosikika huwa si sauti ya kushoto wala ya kulia, bali tofauti iliyo baina yao. Aghalabu mafundi wa studio humweka mwimbaji katikati, yaani kwa kadiri moja pande zote mbili, na kitu kikitolewa katika kilicho sawa nacho hakibaki kitu; ndipo bibi akapotea, na fidla zilizoegemezwa pembeni zikasalimika. Kwa hesabu hiyo hiyo, sahani za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928, ambazo zina njia moja tu ya sauti, zingenyamaza takriban zote, mwimbaji na wapigaji kwa pamoja.

Ajabu zaidi, hedifoni nzima kabisa nazo huweza kupatwa na hali hiyo. Zile zenye kipaza sauti zina sehemu nne katika plagi, na watengenezaji walifuata mipango miwili iliyohitilafiana juu ya ipi kati ya mbili za mwisho iwe ya marejeo. Hedifoni za mpango mmoja zikichomekwa katika chombo cha mpango wa pili, mwimbaji hutoweka. Ukibonyeza kitufe cha kipaza sauti na kukishikilia, hurejea papo hapo, kwa kuwa kitufe huziunganisha njia hizo mbili. Nilimwonyesha jambo hili fundi redio mmoja mwenye mvi, akacheka hata akaweka chini chuma chake cha lehemu.

*

Sikio moja likinyamaza, hukumu isipitishwe kabla ya kubadilisha washitakiwa: hedifoni nyingine katika chombo hicho hicho, kisha hedifoni hizo katika chombo kingine. Ubovu ukibaki katika chombo, tundu lake limulikwe kwa tochi, maana vumbi la nguo hujishindilia humo mpaka plagi isifike mwisho; kijiti cha meno hulitoa bila kukwaruza, nami simshauri mtu kutumia pini. Ubovu ukifuata hedifoni, mashaka ya kwanza ni waya karibu na plagi, unapokunjwa kila siku. Ndani yake mna vinywele vya shaba vilivyopakwa rangi isiyopitisha umeme, na asiyeichoma kwanza rangi hiyo huona lehemu ikikataa kushika, naye huapa kwamba waya ni bandia.

*

Kampuni ya Sony ilipotoa Walkman ya kwanza, Julai 1979, iliiwekea matundu mawili ya hedifoni, kwa kuwa Akio Morita, mkuu wake, aliona ni utovu wa adabu mtu kusikiliza peke yake mbele ya mwenziwe. Vyombo vingi vya leo vina tundu moja, na vingine havina hata hilo, basi vijana ndani ya daladala hugawana hedifoni, kila mmoja na sikio lake. Wakiifungulia sahani ndefu ya kwanza ya Beatles, ya mwaka 1963, katika chapa yake ya stirio, wa kushoto atapata vyombo na wa kulia atapata waimbaji, na kila mmoja atadai hedifoni ni mbovu. Dawa yao imo katika mipangilio ya simu nyingi, penye chaguo la kuzichanganya pande mbili kuwa sauti moja.