Mashine Bila Fundi ni Chuma Kitupu

Hospitali inapopata mtambo mpya wa eksirei, wananchi hushangilia, nao wana haki. Lakini shamba lisilopaliliwa halina mavuno, na mtambo usiotunzwa haumfai mgonjwa. Uchunguzi wa Perry na Malkin uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba takriban asilimia 40 ya vifaa tiba, katika hospitali zilizochunguzwa za nchi zinazoendelea, vilikuwa havifanyi kazi.

Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili hufundisha shahada ya uhandisi wa vifaa tiba, na Chuo cha Ufundi Arusha huandaa mafundi sanifu wa fani hiyo. Mwanafunzi husoma umeme na elektroniki. Husoma pia mwili wa binadamu, maana kipimo kikikosea anayeumia ni mgonjwa.

Je, mtoto wa mkulima wa Litapunga, mkoani Katavi, atafikaje huko? Kutoka Mpanda hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, lakini kikwazo kikubwa zaidi ni somo la fizikia. Pasipo mwalimu wala maabara katika sekondari ya kata, mlango wa chuo hufungwa kabla kijana hajabisha hodi.

Kwa hiyo tunasema: walimu wa fizikia wapelekwe vijijini kwanza. Halmashauri nazo zitenge nafasi za ajira na fedha za vipuri, ili aliyehitimu arudi kuwatumikia wenzake. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane hawezi kumngoja fundi atoke Dar es Salaam.