Mambo ya Shamba: Kinamasi cha Rugezi

Katika nyumba nyingi za bara liko shauri moja linalozungumzwa kila kiangazi kikikaribia: je, tushuke bondeni tukachimbe mifereji, maji ya kinamasi yatoke, tupate kulima viazi? Kilimani udongo umechoka na watoto wamekuwa wengi; na pale chini twaona nchi nyeusi, yenye rutuba, imelala bure chini ya mafunjo. Ndivyo tusemavyo, kwamba imelala bure. Basi mwezi huu nawapa habari ya Rugezi, kinamasi kilichomo katika milima ya kaskazini ya Rwanda, ili mtu apime mwenyewe kabla hajatwaa jembe.

Rugezi ni bonde lililo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na vilima vilivyolizunguka vimejaa watu na mashamba. Chini ya mafunjo yake yako mabaki ya mimea ya zamani sana, yaliyolundikana majini pasipo kuoza kabisa. Tabaka hilo hunywa maji ya masika kama sifongo, kisha huyatoa polepole wakati wa kiangazi. Maji huteremka katika ziwa Burera. Na kati ya Burera na Ruhondo, ziwa jirani lililo chini yake yapata mita 100, pamejengwa kituo cha umeme cha Ntaruka tangu mwaka 1959, ambacho mitambo yake huzungushwa na maji yashukayo.

Wenyeji walichimba mifereji. Hawakuwa watu wabaya. Walihitaji ardhi, kama sisi. Maji yakakimbia upesi, udongo wa vilimani ukaporomoka, ziwa likapungua. Mwaka 2003 na 2004 umeme wa Ntaruka ulipungua sana, hata serikali ikalazimika kuwasha mitambo ya dizeli kwa gharama kubwa. Si haki kuyatwika majembe lawama yote, maana mvua nazo zilikuwa chache, tena kituo chenyewe hakikutunzwa vema. Lakini umeme ulipokosekana mjini, ndipo ilipoonekana wazi kwamba kinamasi cha mbali kilikuwa na kazi yake.

Ikatoka amri ya kukataza kulima na kukausha Rugezi. Sheria ya mwaka 2005 iliagiza kilimo kikae mbali na ukingo wa mto mita 10, na ukingo wa ziwa mita 50. Na mwaka huohuo Rugezi kikaandikwa katika orodha ya Ramsar, yaani ya vinamasi vyenye thamani kwa dunia yote. Maji yakaanza kukaa tena, na ziwa likapanda.

Hapa ndipo penye uzito. Amri ilitangulia, na msaada ukafuata nyuma. Jamaa waliokuwa wakila mavuno ya bondeni waliona chungu chao kimepungua, nao ndio waliolipa bei ya taa za wengine. Baadaye yakaja makinga ya kuzuia mmomonyoko, miti vilimani, ukanda wa mianzi na mabingobingo kuzunguka kinamasi, majiko yanayokula kuni chache, na ufugaji wa nyuki. Mambo hayo ni mema, lakini kwa maoni yangu yalipasa kuja kwanza. Mwalimu afundishaye habari za Isaka ajua ya kuwa alipofukua visima vya babaye, neno lililofuata ni ugomvi na wachungaji wa Gerari. Maji yanaporudi, hapana budi majirani wakae kitako waulizane nani atapungukiwa.

Wanyama nao wana sehemu yao. Katika mafunjo ya Rugezi yumo ndege mdogo wa rangi ya kahawia, aitwaye kwa jina la Grauer, asiyepatikana ila katika vinamasi vya milima ya Rwanda, Burundi, Uganda na Kongo. Yumo na korongo mwenye taji, ambaye hujenga kiota chake katikati ya maji. Maji yakikauka, mbwa na watoto huyafikia mayai. Wengi walikamatwa wakafugwa majumbani na katika hoteli kuwa pambo tu. Hesabu ya mwaka 2017 katika Rwanda nzima iliona korongo 487. Ile ya mwaka 2023 iliona zaidi ya elfu moja.

Tena mafunjo huyapunguza mbio maji ya mvua, tope likatua, na mizizi ikanywa samadi iliyooshwa mashambani. Wasomaji wetu wa Bukoba wasidhani habari hii ni ya wageni: maji ya Rugezi hupita Mukungwa na Nyabarongo, yakaingia mto Kagera, ndio uletao maji mengi kuliko mito yote iingiayo ziwa Viktoria.

Mwalimu mwenye bustani ya shule kando ya mto aweza kuanza na hatua kumi zisizolimwa, apande mabingobingo, na kuyakata kwa zamu kulisha ng'ombe. Mifereji ya zamani izibwe kwa magunia ya udongo mwisho wa kiangazi, baada ya kupatana na wenye viwanja vya chini. Habari za mizinga ya nyuki, Mungu akitujalia, tutaziandika mwezi ujao.