Makaa ya Mawe ya Ikinga: Kupanga Leo kwa Ajili ya Kesho Tusiyoijua

Katika Kata ya Ikinga, Wilaya ya Ileje, mkoani Songwe, makaa ya mawe yamekuwa tumaini la familia nyingi. Vijana wamepata ajira, mama lishe wamepata wateja, na halmashauri inatazamia mapato. Hatuna sababu ya kulibeza tumaini hilo. Hata hivyo, Mama Kanisa, aliye mama na mwalimu, anatualika tuulize swali la mbali zaidi: Ikinga itakuwaje ifikapo mwaka 2040?

Historia yenyewe inatuonya. Mgodi wa Kiwira ulianza uzalishaji mwaka 1988, ukabinafsishwa mwaka 2005, kazi ikasimama kwa miaka kadhaa, na hatimaye ukarudi mikononi mwa Serikali chini ya Shirika la Madini la Taifa (STAMICO), ambalo limeendeleza uchimbaji katika kilima cha Kabulo. Waliodhani kwamba ajira ya mgodini ni ya kudumu walijifunza kwa machungu kuwa mambo hugeuka.

Ipo njia ya kupanga inayokiri ukweli huo. Badala ya kubashiri kesho moja na kuijengea kila kitu, wahusika huchora taswira kadhaa za wakati ujao, kisha hujiuliza ni uamuzi upi utakaofaa katika kila taswira. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Pierre Wack na wenzake katika kampuni ya mafuta ya Shell waliitumia njia hii. Bei ya mafuta ilipopanda ghafla mwaka 1973, viongozi wa kampuni hiyo walikwisha kuitafakari hali ya namna hiyo. Kwa msomaji wa Injili, hekima hii si ngeni. Katika sura ya 14 ya Luka, Kristo anamtaja mjenzi wa mnara anayeketi kwanza kuhesabu gharama, na mfalme anayepima nguvu zake kabla ya kwenda vitani.

Tuzichore basi taswira tatu za Ikinga.

Ya kwanza ni soko kukua. Viwanda vya saruji vinahitaji makaa, na STAMICO inatengeneza mkaa mbadala wa kupikia. Serikali nayo iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa wa miti ifikapo mwishoni mwa Januari 2024. Hapa fedha zitakuwepo, na misitu yaweza kupumua, ingawa moshi wa makaa ya mawe nao unaongeza joto la dunia. Hatari kwa kata ni kula mavuno yote ndani ya msimu mmoja.

Ya pili ni soko kusinyaa. Uingereza, iliyotangulia katika umeme wa makaa ya mawe, ilifunga mtambo wake wa mwisho wa aina hiyo tarehe 30 Septemba 2024. Afrika Kusini ilifunga mtambo wa Komati Oktoba 2022, na watu wa pale wakabaki wakilalamikia ajira zilizotoweka kabla ya nyingine kuandaliwa.

Ya tatu ni mabadiliko ya tabianchi. Mto Songwe, mpaka wetu na Malawi, una desturi ya kuhama mkondo wakati wa mafuriko. Mvua zikizidi, barabara hukatika, malori husimama, na maji yanayopita machimboni huteremka kwa wakulima wa bondeni.

Ni mambo gani yanafaa katika taswira zote tatu? Tunaona manne. Fedha za kurejesha ardhi zitengwe tangu sasa, wakati makaa yangali yanauzwa, kwa kuwa mgodi uliofungwa hauna pato la kufukia mashimo. Maji yapimwe juu na chini ya machimbo, na majibu yasomwe hadharani katika mkutano wa kijiji. Vijana wafundishwe uchomeleaji, umeme na ufundi wa mitambo, stadi zitakazowalisha hata mgodi ukinyamaza. Na michango kwa jamii, ambayo marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanataka ipangwe kila mwaka kwa makubaliano na halmashauri, ielekezwe kwenye mambo yatakayodumu kuliko makaa: shule, zahanati, miche ya kahawa na miti.

Mfanyabiashara atatujibu kwamba gharama hizi zinapandisha bei, ilhali makaa ya Ruvuma yako sokoni pia. Hoja yake ina uzito. Lakini gharama isiyolipwa na mgodi haitoweki. Inahamia kwa mama anayechota maji yenye tope na kwa mkulima ambaye shamba lake limeporomoka. Papa Fransisko, katika Waraka wake wa Kitume Laudato si' wa mwaka 2015, alifundisha kuwa kilio cha dunia na kilio cha maskini havitenganishwi. Biashara inayopata faida kwa kuwahamishia maskini hasara zake haijapata faida. Imekopa bila idhini.

Yosefu kule Misri hakungoja njaa ifike ndipo ajenge maghala. Alitenga sehemu ya tano katika miaka ya shibe. Ikinga bado inayo nafasi ya kufanya hivyo. Tunawasihi viongozi wa mgodi, madiwani, wazee wa vijiji na wajumbe wa halmashauri za walei waketi meza moja, kila mmoja na taswira yake. Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo nazo zilijadili swali hili: tutawaachia nini watoto wetu siku lori la mwisho la makaa litakapoondoka? Jibu lake linaandaliwa sasa, mgodi ungali unafanya kazi.