Gemu ya Simu Mbovu

“Hiyo ni gemu ya simu mbovu.” Hukumu hii, huku Turkana, utaisikia Lodwar, utaisikia Kakuma, na mara nyingi humtoka mtu ambaye hajaicheza hata dakika tano. Hutolewa kwenye vibanda vya kuchajia simu, na kwenye vyumba vya PlayStation ambako vijana hulipia mpira mechi moja moja huku wengine wakingoja padi nyuma ya viti. Inayohukumiwa ni gemu ya kushuka mashimoni: shujaa aliyechorwa kwa vidoti anaingia chini ya ardhi, anapigana na panya na mazimwi, anaokota chupa asizojua zina nini ndani, na akifa anarudi mwanzo kabisa, mikono mitupu. Kwenye simu za Android inayojulikana zaidi ni Pixel Dungeon, aliyoitoa Oleg Dolya, maarufu kama Watabou, mwaka 2012, pamoja na uzao wake, Shattered Pixel Dungeon, ambao Evan Debenham ameushughulikia tangu 2014.

Wanaoiponda wanasema picha zake ni za kimaskini, ushindi wake ni bahati na kifo chake ni uonevu. Lipo pia kundi jingine, la wageni wenye huruma, ambalo huisifu kwa sababu mbaya kuliko za hao wanaoiponda. Hao nitawafikia.

Kwanza picha. Ni kweli simu nyingi za huku ni za bei ya chini, nafasi imejaa video za WhatsApp, na bando hununuliwa kwa kupigiwa hesabu. Ni kweli gemu nzito huchemsha simu, na mchana wa Lodwar joto hupita nyuzi 35 bila kumwomba mtu ruhusa. Simu inayopikwa na jua kwa nje na gemu kwa ndani huishia kujizima. Kambini Kakuma, ambako kaya nyingi hutegemea sola au mwenye jenereta anayewauzia majirani umeme, chaji ni pesa. Gemu ndogo isiyodai intaneti, isiyokurushia matangazo, ambayo haisogei mpaka usogee wewe, ina mahali pake katika mazingira hayo. Hilo silikatai. Ninachokataa ni kuruka kutoka hapo hadi kusema kwamba kinachoingia kwenye simu mbovu lazima nacho kiwe kibovu.

Ukoo huu wa gemu ulianza hata kabla ya vidoti. Rogue, iliyouzaa, iliandikwa California mnamo mwaka 1980 na vijana wawili wa chuo, Michael Toy na Glenn Wichman, kisha Ken Arnold akajiunga nao. Mitambo waliyokuwa nayo ilionyesha herufi na alama tu. Shujaa alikuwa alama ya @, zimwi herufi kubwa, ukuta vistari. Picha hawakuwa nazo, kwa hiyo akili yao yote ilikwenda kwenye kanuni, na hasa kwenye wazo la shimo linalojijenga upya kila unapoanza, hata aliyeandika gemu asijue kuna nini nyuma ya mlango. Walitaka gemu itakayowashtua wao wenyewe. Leo kompyuta zinaweza kuchora kila unywele wa simba, na bado kuna watengenezaji wanaochagua vidoti, wakijua wanachochagua.

Kigae kimoja cha sakafu katika Pixel Dungeon ni vidoti 16 kwa 16, yaani 256. Ndani ya hivyo mchoraji inabidi akuambie haya ni maji, hizi ni nyasi, ule ni mlango, yule ni kaa wala si panya, na akuambie papo hapo, uko juani, kioo kimepasuka kona. Mvivu hawezi kazi hiyo. Tena kila kilichochorwa kina lake: nyasi ndefu hukuziba macho, maji huzima moto, mlango humficha aliye nyuma yake. Nimecheza gemu za picha nzito ambazo majani ya mti hutikisika vizuri ajabu na hayana maana yoyote kwa mchezo. Ni mapambo, na mapambo yana wapenzi wake. Lakini asiyekuwa nayo hajapungukiwa na mchezo.

Shtaka la bahati ni zito zaidi, kwa sababu hili linasemwa na wachezaji wenyewe, waliokaa nayo wakafa mara kadhaa. Nalo ndilo linaloanguka vibaya zaidi likichunguzwa.

Tazama chupa. Kila unapoanza upya, dawa hugawiwa rangi upya pia; nyekundu iliyokuponya jana leo inaweza kuwa moto. Mchezaji mgeni hungoja mpaka azidiwe, damu imebaki kidogo, adui yuko usoni, ndipo anapogugumia chupa ya kwanza aliyonayo. Inalipuka, anaungua, anakufa, anaibwaga simu kitandani na kulaani bahati. Mzoefu huijaribu chupa hiyohiyo akiwa mzima, adui hayupo. Husimama karibu na maji, ili akiwaka moto apige hatua moja ndani na kuzimika. Nyuma yake huacha njia, ili ikitoka gesi ya sumu akimbie. Na akiona rangi fulani imejitokeza mara mbili tatu mapema, huiweka akiba, kwa kuwa dawa ya kuponya ni miongoni mwa zile zinazopatikana zaidi. Hana uhakika. Anakadiria, na makadirio yake yanazidi kuwa mazuri kila anapocheza.

Au tazama mlango. Katika ghorofa za mwanzo kuna kaa anayepiga hatua mbili wewe ukipiga moja, kwa hiyo kumkimbia mahali pa wazi ni kujichosha bure. Ila ukipita mlangoni na kujibanza pembeni, mlango hujifunga, kaa huja mbio, huingia bila kukuona, na katika Shattered pigo lako kwa adui asiyekuona halikosi. Kaa yuleyule aliyewaua watu kumi anakuwa kitoweo. Ghorofa ya 5 anakungoja Goo, zimwi la ute, ambalo hujitibu likikanyaga maji na hujivimbisha kabla ya kushusha pigo lake zito. Aliyeliona limevimba akabaki amesimama mbele yake ana wa kumlaumu, na si bahati.

Isitoshe, bahati yenyewe imetiwa hatamu. Shattered inahakikisha kwamba katika kila fungu la ghorofa 5 utakuta hati 3 za kuimarisha silaha au deraya na dawa 2 za kuongeza nguvu. Usipozipata, hujapekua vyumba vyote. Kisha kuna mbegu. Kila shimo hutokana na mbegu, ambayo huandikwa kwa herufi 9, na mchezaji aliyewahi kushinda anaweza kuiandika mwenyewe ili apate shimo alitakalo. Wapeni mbegu moja vijana wawili, mmoja wa Lodwar na mwingine wa Kakuma, kilomita 120 hivi kati yao kwenye barabara ileile. Vyumba ni vilevile, chupa ni zilezile, maadui ni walewale. Mmoja atafia ghorofa ya 3 na mwenzake atafika chini kwa Yog-Dzewa, zimwi la mwisho. Atakayesema tofauti yao ni bahati atueleze bahati hiyo ilijificha wapi.

Wapo hata wanaomaliza gemu wakiwa wameongeza vikwazo vyote 9 inavyovitoa, kimojawapo kikiwa kupunguziwa chakula. Bahati haimbebi mtu hivyo.

Najua kwa nini neno bahati linawatoka watu haraka. Simu hizohizo zimebeba kamari, na mzazi akimwona mwanawe ameinama juu ya skrini hatofautishi anayeshuka shimoni na anayengoja ndege ya Aviator ipae. Hofu yake ina msingi, sitamcheka. Lakini kwenye kamari ujuzi wako wa jana hauongezi chochote leo, na pesa imekwenda. Shattered kwenye Android haiulizi hata shilingi ya kuanzia.

Kuhusu kifo sitasema mengi. Watu wamezoeshwa gemu zinazohifadhi kila hatua, ukikosea unarudi dakika moja nyuma. Mtu akipenda hivyo ni hiari yake. Ila ukiondoa kifo cha kweli katika gemu ya aina hii, chupa isiyojulikana haina tena maana: ungeinywa, ungeona, ungerudi nyuma. Uzito wote wa kuamua ninywe au nisinywe unatokana na kwamba hakuna kurudi. Malalamiko ambayo ningeyakubali ni mengine. Gemu hizi hudai kusoma, na kusoma sana. Maelezo ya kila upanga na kila pete yameandikwa, na anayeyapita anakufa kwa jambo lililokuwa limeandikwa mbele yake. Kijana Mkongo wa Kakuma ana nafuu kwamba Shattered inapatikana kwa Kifaransa. Kwa mtoto wa darasa la nne ambaye Kiingereza bado kinamkwaza, hilo ni tatizo halisi, na wanaoiponda wangepigia hapo wangekuwa na hoja.

Sasa wale wenye huruma. Katika Shattered shujaa husikia njaa baada ya zamu 300, na zikifika 450 uhai huanza kumwisha. Mlo mmoja kamili humrudishia zamu 300. Mgeni akifika Kakuma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1992 na ambayo tangu hapo dunia imezoea kuitazama kwa sura ya mgao wa chakula, akamkuta kijana anahesabu zamu hizo, makala yake imekwisha kujiandika: mkimbizi anahesabu mgao ndani ya simu kama anavyouhesabu nje. Hadithi tamu, haina ushahidi. Mtu wa Oslo mwenye friji iliyojaa huhesabu zamu zilezile, kwa sababu kanuni ndiyo inayomtaka ahesabu. Yeye anaitwa mchezaji hodari. Kwa nini wa Kakuma aitwe mfano wa mateso?

Hili si jambo dogo, maana ndilo linaloamua gemu gani hufikiriwa kumfaa mtu wa kambini. Lual Mayen, Msudani Kusini aliyekulia kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda, alitengeneza Salaam, gemu ya mtu anayekimbia vita akitafuta amani. Mama yake alidunduliza dola 300 kwa miaka 3 ili amnunulie kompyuta, na kijana akajifunza kazi hiyo mwenyewe. Mwaka 2018 alitambuliwa kwenye hafla ya The Game Awards. Mpango wake ulikuwa kwamba anayenunua chakula au maji ndani ya gemu achangie wakimbizi halisi. Ni kazi ya heshima, na aliyelengwa zaidi ni yule asiyewahi kukimbia, aonje. Lakini Mayen mwenyewe, kabla ya hayo yote, gemu aliyoianza kuicheza kambini ilikuwa Grand Theft Auto: Vice City, yenye magari ya wizi na mitaa ya taa za rangi. Nani angemwambia hiyo haimhusu? Aliona gemu ina nguvu gani juu ya mtu, na wazo lake likaanzia hapo.

Kijana wa Kakuma au wa Lodwar hadaiwi kucheza maisha yake mwenyewe, wala kila anachocheza kimfunze kunawa mikono. Ana haki ya shimo lililojaa mazimwi ya kubuni, na ana haki ya kuambiwa ukweli kwamba amecheza vibaya.

Lipo jambo moja zaidi ambalo wanaotukuza picha nzito hawalifikirii. Mpira ule wa PlayStation hutengenezwa na majeshi ya watu kwa bajeti isiyosemeka. Pixel Dungeon ilikuwa kazi ya mtu mmoja, na msimbo wake uliachwa wazi chini ya leseni inayomruhusu yeyote kuuchukua na kuugeuza, kwa sharti kwamba akiigawa kazi yake naye auache wazi msimbo wake. Shattered yenyewe ilianza hivyo, kama marekebisho ya mtu aliyetaka kanuni chache zikae vizuri zaidi. Mlango huo uko wazi kwa mwenye kompyuta ya mkononi kuukuu hapa Lodwar, na yako mengi ya kubadilisha. Ghorofa 5 za mwanzo ni mifereji ya maji machafu ya mji wa kizungu. Huku hatuna mifereji ya hivyo, tuna laga, kavu asubuhi, na ikinyesha milimani huko juu, mto kabla ya jioni. Upanga mfupi unaweza kuwa kisu cha Kiturkana, kile cha duara kinachovaliwa kwenye kifundo cha mkono na kufunikwa makali kwa ngozi, silaha isiyokutoka mkononi hata ukianguka, na hiyo peke yake ni kanuni mpya. Kuchora hakutamshinda. Kitakachomkosesha usingizi ni kuamua, laga ikifurika, anayesogea kwanza ni shujaa au ni maji.