Kenol, Kibaki na hesabu ambazo sisi Pwani hatuzisomi

Tuliposhuka Kenol kunyoosha miguu, mpwa wangu alinunua nanasi, akaniuliza: "Mjomba, kweli nisomee mambo haya?" Nilikuwa nampeleka chuo kimoja huko Nyeri akasomee utawala wa umma na mipango ya bajeti. Mamake alitaka asomee kazi za bandari. Barazani kwetu walimcheka, wakasema hizo ni kazi za watu wa bara.

Nikamwonyesha ile barabara pana inayopanda kutoka hapo Kenol kupitia Sagana hadi Marua, kilomita 84. Nikamwambia, ngoja nikueleze habari za mtu wa huko mbele, Othaya.

Mwai Kibaki twamkumbuka kama rais, lakini kwanza alikuwa msomi wa fedha za serikali. Alimaliza Makerere mwaka 1955 kwa daraja la kwanza, akaenda London kusomea fedha za umma, kisha akarudi Makerere kufundisha uchumi. Mwaka 1960 aliacha chaki akawa afisa mtendaji wa KANU. Miaka ya sabini yote yeye ndiye aliyekuwa Waziri wa Fedha.

Hapa ndipo hadithi inapotugusa. Mwaka 1965 serikali ilitoa Waraka Nambari 10 kuhusu mipango ya uchumi. Wizara ilikuwa ya Tom Mboya, na Kibaki hutajwa miongoni mwa walioshughulikia waraka huo. Ulisema fedha za maendeleo ziwekwe mahali zitakapozaa haraka: penye mvua, ardhi nzuri, reli na barabara. Kwa darasani, hoja hiyo ina mantiki. Kwa mtu wa Tana River au Kwale, maana yake ilikuwa: subirini. Na tulisubiri.

Nisimwonee mzee. Akiwa rais, mwaka 2003 ilipitishwa sheria ya CDF. Robo tatu ya pesa ziligawanywa sawa kwa kila eneo bunge, robo moja ikafuata umaskini. Madarasa mangapi huku kwetu yana maandishi ya CDF ukutani? Kalamu ile ile ya bajeti yaweza kunyima na yaweza kutoa.

Mwaka 2020 tuliiona tena kalamu hiyo. Seneti ilivutana miezi kadhaa juu ya mgao wa kaunti. Wanasiasa wa Mlima Kenya walipigia debe mtu mmoja, kura moja, shilingi moja. Kaunti kadhaa za Pwani, Kilifi na Kwale zikiwemo, zilikuwa karibu kupoteza mamilioni. Suluhu ilipatikana Septemba, kwa makubaliano kwamba chungu chenyewe kiongezwe, kutoka bilioni 316.5 hadi bilioni 370, ili asipoteze mtu. Maseneta wetu walipiga kelele vizuri, nawapa haki yao. Lakini mfumo uliopita ulikuwa na nambari: asilimia 20 kugawanywa sawa, 18 kwa idadi ya watu, 14 kwa umaskini, 8 kwa ukubwa wa ardhi, na nyinginezo. Ukisogeza moja tu, Lamu inapata au inakosa. Nani kati yetu angeweza kukaa na wale wataalamu akabishana nao nambari kwa nambari?

Mimi nina diploma ya uhasibu, na bado nilitoka jasho katika kikao kimoja cha maoni ya bajeti huku kwetu. Kitabu kilikuwa kinene kama Juzuu kumi, Kiingereza kitupu, nakala tatu kwa ukumbi mzima. Wazee waliomba kisima na taa za barabarani, wakapewa soda, tukaenda kuswali Adhuhuri. Katiba yataka umma ushirikishwe katika mambo ya fedha, na sheria yataka makadirio ya kaunti yafike bungeni kabla ya Aprili 30. Baada ya hapo, wanaosoma zile kurasa ndio wanaoamua kisima kichimbwe wapi.

Ndiyo maana sikuafiki kazi ya bandari, ingawa mshahara wake waonekana mapema na dadangu ana haki ya kuhofu. Msomi wa bajeti hukaa miaka mingi na vitabu kabla ya kusikilizwa.

Makanga akaanza kutuita. Kijana alifunga nanasi lake kwenye karatasi, akauliza: "Na hiyo 14 ya umaskini, mjomba, ni nani aliyeamua isiwe 20?"

Nikamwambia amuulize mwalimu wake siku ya kwanza.