“Ni Uzee Tu” Si Jibu

Bibi mmoja wa Mkula, mkoani Simiyu, akishindwa kuutambua uso wa mjukuu aliyesimama mbele yake, kisha akamwona mbuzi anayepita pembeni, jamaa zake huweza kudhani kuwa anajisingizia upofu. Jicho lake ni safi, halina wekundu wala ukungu. Hata hivyo bibi hasemi uongo. Kilichoharibika kimejificha nyuma ya jicho.

Huko ndiko iliko retina, utando mwembamba unaopokea mwanga. Katikati yake pana sehemu ndogo iitwayo makula, ambayo humwezesha mtu kusoma, kutunga uzi sindanoni na kutambua nyuso. Umri unaposonga, hasa baada ya miaka 50, mabaki yaitwayo druseni hujikusanya chini ya retina. Tabaka linalozilisha seli za mwanga hudhoofika, na seli hizo hufa polepole. Hiyo ndiyo aina kavu. Katika aina ya majimaji, mishipa dhaifu ya damu huota chini ya retina, huvuja na kuacha kovu. Uoni wa katikati huweza kupotea ndani ya wiki chache.

Kwa mgonjwa wa aina hii ya pili, neno “ni uzee tu” ni hukumu. Dawa ya kuchomwa ndani ya jicho ipo; bevacizumab imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu mwaka 2013. Lakini dawa huzuia mishipa kuvuja, haifuti kovu.

Mhudumu wa zahanati hana sababu ya kungoja mashine. Achukue karatasi ya daftari la miraba, atie nukta katikati, amfunike mzee jicho moja baada ya jingine na kumwuliza kama mistari imepinda au imetoweka. Kipimo hiki cha Marc Amsler, daktari wa Uswisi, hakihitaji kujua kusoma. Jibu likiwa ndiyo, rufaa kwa bingwa wa macho iandikwe siku hiyo hiyo.

Yawezekana kusemwa kuwa safari ya Mwanza ni ghali, na aina kavu haina dawa ya kurudisha seli zilizokufa. Ni kweli. Lakini bila kupimwa, hakuna ajuaye mzee ana aina ipi, au kama tatizo lake ni mtoto wa jicho anayeweza kuondolewa kwa upasuaji. Tena aliyepimwa hushauriwa kuacha tumbaku na kutumia lenzi ya kukuzia, na jamaa zake hukoma kumwita mwongo.