Mjomba si tapeli, jamani!

Ni kitambo sijaandika, ila leo lazima niseme.

Mwezi uliopita mjomba aliniandikia barua pepe: shamba la babu linapimwa, kila mtoto achangie hela kabla ya Ijumaa. Sikuiona. Kompyuta iliitupa kwenye kapu la barua za matapeli, nikaikuta baada ya siku kumi. Huko nyumbani ikawa, "Keshafika Uingereza, katusahau."

Nikadadisi. Kumbe mashine hizi huhesabu maneno. Tuseme neno "hela" limo katika barua 20 kati ya kila 100 za matapeli, na 4 tu kati ya kila 100 za watu wema. Mashine ikidhani nusu ya barua zote ni za matapeli, basi barua yenye "hela" ina uwezekano wa asilimia 83 kuwa ya tapeli. Mjomba kwisha!

Lakini mimi najua jambo ambalo mashine haikuambiwa: barua ninazopata kwa Kiswahili karibu zote ni za ndugu. Tuseme kati ya 1000, za matapeli ni 10. Zenye "hela" zitakuwa 2 za matapeli na kama 40 za ndugu. Uwezekano unashuka hadi asilimia 5. Maneno ni yale yale. Kilichoongezeka ni ujuzi wa awali tu. Kanuni hii ni ya Thomas Bayes, mchungaji wa hapa hapa Uingereza. Ilisomwa mbele ya Royal Society mwaka 1763, miaka miwili baada ya kufa kwake.

Wapo wasemao mashine ijifunze yenyewe bila kuambiwa kitu, eti ndiyo haki. Nakataa. Kudhani nusu kwa nusu nako ni kudhani. Kwa Kiswahili, ambacho mashine imesoma barua chache, ujuzi wa mwenye lugha ndio unaookoa. Sharti ni moja: ukubali kusahihishwa na ushahidi. La sivyo unageuka ubaguzi, kama wa mwenye nyumba anayesikia lafudhi yangu kwenye simu akasema chumba kimeshachukuliwa.

Na ninyi pia, jamani. Nikikaa kimya siku kumi, kabla ya kunihukumu kumbukeni mnanijua tangu nanyonya.

Hela ya shamba nimeshatuma. Mjomba, nisamehe.